Fundi wa Angani na Ugoro wa Kogo

Nilimwomba yule mama wa sokoni anifungulie kikopo kidogo tu, ninuse kabla ya kununua, na hapo ndipo nilipoharibu mambo. Harufu ya ugoro ilinipanda puani, kali, ya tumbaku kavu na magadi, nikapiga chafya tatu mfululizo katikati ya soko la Litein, mwanamke mzima mwenye miwani na mkoba wa kazi. Machozi yakanitoka. Mama wa sokoni akacheka mpaka akashika meza.

"Pole, madam. Hiyo iko na nguvu. Ni ya mzee ama ni ya mtoto?"

"Ya mtoto," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeombwa chumvi, akanifungia. Kwake lilikuwa jibu la kawaida kabisa. Mimi, wiki moja tu kabla ya hapo, nisingethubutu kulisema mbele ya watu.

Wiki hiyo Mama alikuwa amenipigia simu nikiwa kazini Sotik. Hakusalimia hata. "Mdogo wako Cherono amepata msichana! Wote wako sawa. Jumamosi tunafanya kurenet, na wewe ndio utaita majina. Mama Kiprono amezeeka, sauti imeisha. Sasa ukikuja, pitia Litein ulete ugoro kidogo."

"Ugoro wa nini, Mama?"

"Wa nini aje? Wa mtoto. Akikataa kupiga chafya, tutakaa hapo mpaka lini?"

Nilikaa chini. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake humzunguka wakamwita kwa majina ya wazee waliokufa, jina baada ya jina, na jina litakalomfanya apige chafya ndilo la yule aliyerudi. Hiyo ndiyo kurenet. Makanisa yetu yanaijua vizuri na yanatazama upande mwingine. Tangu utotoni nilikuwa nimebeba siri moja kuhusu ugoro na chafya, na niliamini kwamba katika ukoo wetu wote ni mimi peke yangu niliyewahi kufanya jambo kama hilo. Kumbe ugoro unaagizwa kwa simu!

Siri yenyewe inaanzia kwa Baba Moraa.

Baba Moraa alikuwa mshonaji. Alitoka upande wa Kisii kabla mimi sijazaliwa, akafungua kibanda chake mkabala na banda la majani, pale ambapo watu hungoja kupimiwa chai yao na lori la kiwanda. Alikuwa na cherehani, pasi ya makaa, na televisheni ndogo nyeusi na nyeupe iliyofanya kazi kwa betri ya gari. Betri ilikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Stima ilikuwa imefika kiwandani kule juu kilimani lakini haikuwa na mpango wa kushuka kwetu.

Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni kulikuwa na kipindi, na kiingilio kilikuwa sindano tatu. Macho ya Baba Moraa yalikuwa yameanza kumsumbua, kwa hiyo kila mtoto alitakiwa kutunga uzi kwenye sindano tatu za mkono na kuzichomeka kwenye mto mdogo mwekundu. Hizo ndizo alizotumia wiki nzima kukunja pindo na kushona vifungo. Tulikuwa tunafika mbio, jasho linatutoka, mikono inanuka chai mbichi, tunalamba nyuzi na kusukumana.

"Nani hajaweka uzi? Mimi naona nyinyi. Hakuna sindano, hakuna sinema!"

Halafu anabana waya kwenye betri, kioo kinanguruma, na sisi tunashika pumzi.

Sijui nianzie wapi kueleza kipindi kile! Kilikuwa na chombo kikubwa kinachosafiri katikati ya nyota, na ndani yake watu saba waliovaa ovaroli. Kulikuwa na mabomba kila mahali, mvuke, taa za kuwaka na kuzima, na mngurumo usiokoma. Watu walifanya kazi kwa zamu. Mkubwa wao alitembea mikono nyuma akikagua mashine. Sasa niambie, mtoto wa huku akiona mabomba, mvuke, ovaroli, zamu na meneja mwenye mikono nyuma, atafikiria nini? Sote tulijua kwamba kile ni kiwanda cha chai. Tena ni kiwanda chetu, kile cha kilimani, ambacho tulikisikia kikinguruma usiku na mchana na hatukuwahi kuruhusiwa kupita geti lake. Mlango wa kwenye televisheni ulipofunguka wenyewe bila kuguswa, nilielewa mara moja kwa nini geti lilikuwa na askari. Nilianza kuwakagua wafanyakazi waliotoka zamu, nikitafuta nani kati yao amerudi na vumbi la nyota.

Kiingereza cha mle ndani kilikuwa cha puani na hakuna aliyekielewa. Baba Moraa hakukielewa pia, lakini alitutafsiria bila woga wowote. "Huyu anasema mashine imeshika moto. Huyu daktari mama anasema hapana, ni upepo tu." Wakibishana muda mrefu, alisema, "Wanaongea maneno ya kazi," na sisi tukaridhika.

Kipindi kikiisha, nilikuwa na kazi yangu. Nilipanda mteremko mbio, katikati ya michai, mpaka nyumbani kwa Kogo, mama yake baba yangu, nikamsimulia kila kitu kabla sijasahau. Jina lake lilikuwa Tapsabei. Alikuwa na masikio yaliyotobolewa zamani yakaning'inia mpaka karibu na mabega, na kikopo cha ugoro alichokificha kwenye pindo la shuka kwa sababu Mama alikuwa mtu wa kanisa na hakutaka kukiona. Mama alikuwa anajua kabisa kilipo. Wote wawili walikuwa wanajua kwamba mwenzake anajua, wakaishi hivyo kwa amani.

Kogo hakuwahi kuiona televisheni. Alisikiliza macho yamefumbwa, akinusa, akipiga chafya, akisema, "Ee, endelea." Nikifika mwisho, nikiwa nimeruka, nimeanguka, nimekufa na kufufuka kuonyesha mapigano yote, alikuwa na swali moja tu, lile lile kila wiki:

"Na ng'ombe wao wanakamuliwa na nani?"

Mimi nilijibu, "Wameachia jirani, Kogo."

Akatikisa kichwa. Hakuridhika hata siku moja. Watu wanaozurura huko juu miezi na miezi, ng'ombe nyumbani! Hilo lilimtia wasiwasi kuliko moto na majitu yote. Lilikuwa letu wawili. Sikumwambia mtu mwingine swali hilo, kwa sababu niliona haya kwa niaba yake, na pia kwa sababu nililipenda mno.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Katika kile chombo kulikuwa na fundi mmoja mzee, mwenye mvi, mtaratibu, aliyekuwa akirekebisha mitambo huku akijisemea. Sisi watoto tulimpenda kuliko wote. Siku hiyo bomba la nje lilipasuka, akatoka na kamba kiunoni kwenda kuliziba. Mwanga mkubwa ukatokea, kamba ikavutwa, na walipoirudisha ndani haikuwa na mtu. Tukapiga kelele! Meneja akasema waondoke. Hiyo sikuhitaji tafsiri, nilimwona uso. Lakini yule daktari mama akakataa, akaketi mbele ya kipaza sauti, akaanza kumwita Fundi kwa jina lake. Aliita, akaita. Alipochoka, mwingine akashika. Mshale mdogo kwenye mashine ulikuwa unatetemeka kila jina linapotajwa.

"Wanafanya nini, Baba Moraa?" mtoto mmoja akauliza.

Mimi nilikuwa nimesimama juu ya benchi. "Kurenet!" nikapiga ukelele. "Wanamwita arudi! Wanafanya kurenet!"

Hapo hapo kikaisha, maandishi yakatokea kwamba kitaendelea wiki ijayo. Sijawahi kupanda ule mteremko kwa kasi ile tena.

Kogo alikuwa amelala, kifua kilikuwa kimemshika siku kadhaa. Niliposimulia, akakaa.

"Wanamwita? Kwa jina?"

"Kwa jina, Kogo! Mmoja akichoka, mwingine anashika."

"Hawanyamazi?"

"Hawanyamazi."

Akafikiri. "Basi hao si watu wabaya," akasema, na hilo lilikuwa jambo kubwa kutoka kwake. Akanusa ugoro, akakohoa muda mrefu. Halafu, bila shaka, akataka kujua kuhusu ng'ombe wa Fundi.

Wiki ile nzima tulikuwa tunamzungumzia. Kogo aliuliza Fundi ana watoto wangapi, nikampa watano. Aliuliza kama huko alikopotelea kuna baridi, nikasema kidogo. Kila siku kifua chake kilikuwa kibaya zaidi na kila siku alikuwa na swali jipya. Jumamosi ilipofika hakuweza kukaa tena. Alinivuta karibu, akanipa kikopo kitupu.

"Enda uniletee ugoro. Halafu upite kwa Mkisii, uone kama yule mzee amerudi. Usikuje kabla hujaona. Nataka kujua."

Nilinunua ugoro kwanza. Nilitunga sindano tano badala ya tatu, nikapata nafasi ya mbele. Na walikuwa bado wanaita! Yule daktari mama sauti ilikuwa imekauka, nywele zimetimka, lakini hakuacha. Mshale ukapanda. Mlango mmoja mwishoni mwa ukumbi ukaanza kung'aa pembeni. Sisi wote tulikuwa tumeshikana mikono. Ndipo nikaona picha inapungua. Ilibanwa kushoto na kulia, nyembamba, nyembamba zaidi, daktari akawa mrefu kama mlingoti, mdomo wake bado unafunguka na kufunga. Halafu kukabaki nukta moja nyeupe katikati ya kioo, na nukta nayo ikazimika.

Betri ilikuwa imeisha.

Baba Moraa alijaribu kila alichokijua. Alikwangua vichwa vya betri kwa kisu. Aliitoa chini ya meza akaisogezea pasi ya makaa ipate joto, na sisi tukapuliza makaa mpaka vichwa vikatuzunguka. Nukta ilirudi mara moja, ikatutazama, ikaondoka. Wenzangu wakaanza kwenda nyumbani mmoja mmoja, kwa sababu saa ya kukamua ilikuwa imefika. Mimi nikabaki, kikopo mkononi.

"Mtoto, enda nyumbani. Imekufa hii."

"Kogo amesema nisiende kabla sijaona."

Akanitazama. Akabana waya tena, akangoja, akabandua. "Basi mwambie amerudi."

"Kwani amerudi?"

Baba Moraa alikuwa ametutafsiria mwaka mzima bila kujua neno hata moja, na hakuwahi kusita. Siku hiyo alisita. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Mimi sijui, mtoto wangu," akasema.

Nilipofika nyumbani, kitanda cha Kogo kilikuwa kitupu. Pikapu ya maziwa ilikuwa imembeba kumpeleka hospitali ya misheni Kaplong, Mama akiwa naye. Hakurudi akiwa hai. Waliomzika walikuwa wengi, waliimba vizuri, na mimi nilisimama pale na kikopo cha ugoro mfukoni na hadithi nusu. Kilichoniuma kuliko yote ni kwamba alitaka kujua, na sikumwambia.

Kichwa changu cha mtoto kilifanya hesabu zake. Fundi hakurudi kwa sababu sauti za waliomwita zilikatika. Zilikatika saa ile ile Kogo aliyobebwa. Kwa hiyo Kogo alikuwa mahali pale pale alipo Fundi, kwenye kijibaridi kidogo, wote wawili wakisikiliza, na hakuna anayeita. Sikumuuliza mtu mzima hata mmoja. Lilikuwa jambo la wazi mno.

Sasa utaelewa nilivyopagawa mahindi yalipofika kiunoni na Mama akajifungua. Kurenet! Wangeita, na safari hii hakukuwa na betri ya kuisha!

Wanawake walifika mchana, baada ya chai kupimwa, kabla ya mvua. Sisi watoto tulifukuzwa. Nilizunguka nyuma, nikaingilia jikoni, nikajificha nyuma ya lile pazia la maua lililogawa chumba. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, mgongo wake umegusa pazia, mtoto mapajani ndani ya blanketi. Ningeweza kuhesabu nywele za shingoni mwake. Mama Kiprono ndiye aliyeongoza, sauti yake wakati huo ilikuwa inasikika mpaka bondeni.

Wakaanza. Waliita jina la mama yake babu, kimya. Wakaita Tapsabei! Nikauma pazia. Mtoto alipiga miayo. Wakapita, wakaita mwingine, na mwingine, wazee ambao sikuwahi kuwasikia, na yule mtoto mkaidi alilala tu, mdomo wazi. Waliita mpaka majina yakaisha, wakanywa mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, wakaanza upya. Halafu nikamsikia Mama Kiprono akivuta pumzi na kusema maneno ambayo bado yananishtua nikiyakumbuka:

"Tumechoka. Tujaribu mzunguko wa mwisho, akikataa tuache."

Tuache! Niliona kioo kikibanwa kushoto na kulia. Niliona ile nukta. Mkono wangu ulikuwa umeshafungua kikopo kabla sijawaza lolote. Nilichota kidogo kwa vidole viwili, nikapitisha mkono chini ya pazia, chini ya kwapa la Mama, taratibu, mpaka nikagusa blanketi. Waliita jina la kwanza. Blanketi likasogea lenyewe, na pua ndogo ikawa pale pale, mbele ya vidole vyangu.

"Tapsabei!" akaita Mama Kiprono.

Nikapuliza vidole.

Mtoto akapiga chafya. Akapiga ya pili, akapiga ya tatu, kichwa kizima kikitikisika, na wanawake wakaruka! Vigelegele vilitikisa mabati. "Amekuja! Tapsabei amekuja!" Mama Kiprono alikuwa anacheza mle ndani, uzee na yote, na Mama alikuwa analia na kucheka, na mimi nyuma ya pazia nilikuwa naruka kimya kimya, mikono mdomoni, nimempata, nimempata!

Walipotoka nje kuonyesha furaha yao kwa jirani, Mama aliniita nimshikie mtoto aende kunawa. Nilitazama huku na huku. Nikainama sikioni mwa mtoto, nikatoa taarifa yangu.

"Kogo, betri iliisha. Sijui kama alirudi."

Alinitazama kwa macho yale ya watoto wachanga, yanayotazama nyuma yako.

Mdogo wangu alipewa jina la Cherono la kuitiwa na watu, lakini nyumbani alikuwa Tapsabei, na Mama alimwita Kogo tangu akiwa kwenye nepi. Akapewa heshima zake. Alionja mursik wa kwanza kila kibuyu kinapofunguliwa. Mimi nilimpenda mpaka nikamchosha. Ila nilipokua nikapata akili, furaha yangu ilianza kuingia doa. Nilikuwa nimechagua mimi. Huenda kulikuwa na mwingine aliyekuwa njiani siku ile, mzee wa watu, ameitwa na anakuja, na mimi nikamfungia mlango usoni kwa ugoro. Na dada yangu ameishi maisha yake yote na jina la mtu mwingine. Nilinyamaza. Ukishanyamaza mwaka wa kwanza, miaka mingine inajinyamazia.

Sasa mtu kama huyo ndiye Mama anayetaka aite majina! Siku ile ya simu nikarudi kufanya jambo nililolifanya mara nyingi bila mafanikio. Nikakitafuta kile kipindi. Sikuwahi kujua jina lake kwa hakika, nilijua mabomba na yule daktari. Niliandika hivi, nikaandika vile, nikatazama mapicha ya watu wengi waliovaa ovaroli. Na nikampata! Fundi mwenyewe, mvi zake, kamba kiunoni, sehemu ya kwanza na ya pili, mtu mwema fulani ameziweka mtandaoni. Nilipiga ukelele mpaka mwenzangu wa ofisi akaja kuuliza ni nani amekufa. Sehemu ya pili sikuifungua. Niliihifadhi kwenye simu. Nilijua ni nani ninayepaswa kuiona naye.

Kwa hiyo Jumamosi nilipanda ule mteremko nyuma ya bodaboda, ugoro kwenye mkoba na Fundi kwenye simu. Kibanda cha Baba Moraa sasa kinauza vocha na sukari. Nyumbani nilimkuta Cherono amekaa kitandani, amenenepa mashavu, binti yake kifuani, na Mama kwenye kiti anapukuchua maharagwe. Wanawake wengine walikuwa hawajafika. Nikaona nikingoja sitasema tena.

"Mimi siwezi kuita majina," nikasema.

"Kwani umefanya nini?" Mama akauliza, bila kuinua kichwa.

Nikawaambia yote, nimesimama katikati ya chumba kama mwanafunzi. Betri, pazia, vidole viwili. Nilimwambia Cherono kwamba jina lake nililichagua mimi, kwa hila, nikiwa na miaka minane, na kwamba namwomba msamaha.

Cherono alikuwa amefungua mdomo. "Haki ya nani," akasema. "Ndio maana mpaka leo nikisikia ugoro naumwa na kichwa?" Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka mtoto akaamka.

Mama hakucheka. Aliendelea na ganda moja la maharagwe mpaka likaisha.

"Wewe ulifikiria hiyo blanketi ilijitoa yenyewe?"

Sikumwelewa.

"Nilisikia kikopo kikifunguka. Nilikuwa nimeishi na hicho kikopo miaka yote, nisijue sauti yake? Halafu nikaona kimkono kinapita hapa." Akagusa kwapa. "Nikavuta blanketi. Ungemwekea machoni, mjinga wewe."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Ningesema nini? Mimi mwenyewe nilikuwa naomba akubali Tapsabei." Akatazama mikono yake. "Mimi ndio nilikaa na yeye kwa hospitali. Aliuliza wewe uko wapi. Nikamwambia unakuja. Akasema, akikuja ataniambia. Sikujua ni nini. Nilitaka tu arudi aambiwe."

Nililia hapo, sina haja ya kuficha. Nilimshika Mama mabega na maharagwe yakamwagika, na yeye akanigombeza kwa ajili ya maharagwe, huku na yeye anafuta macho.

Ni Cherono aliyetuokoa. "Sasa hiyo sinema iko wapi? Nimepewa jina juu yake na sijaiona. Weka!"

Niliiegemeza simu kwenye kikombe, tukajibana watatu kitandani, mtoto katikati. Nilimweleza Cherono ni nani ni nani, haraka haraka, nikiruka na mikono yangu kama zamani. Chombo kile, jamani, ni mbao! Ukuta unatikisika mtu akifunga mlango. Lakini yule daktari alipokaa mbele ya kipaza sauti na kuanza kuita, nilimshika dada yangu mkono na kuuminya. Mshale ukapanda. Mlango ukaanza kung'aa. Tukafika pale ambapo zamani kioo kilibanwa, nikangoja kibanwe. Hakikubanwa. Daktari akaita mara moja tena, mara moja tu tena, mlango ukafunguka, na Fundi akaingia! Mvi zake, kamba yake, amechoka, anatafuta pa kukaa. Akasema kwamba aliwasikia tangu mwanzo, kila mmoja wao, ila hakuwa na namna ya kujibu.

"Amerudi!" nikapiga kelele. Nilikuwa nimesimama juu ya kitanda, mtu mwenye umri wangu. Nikamgeukia Cherono, nikamwambia uso kwa uso, pole pole, ili isiwe na makosa. "Amerudi. Umesikia? Alirudi."

Cherono alikuwa bado anamtazama Fundi kwenye simu, amekunja uso, kama mtu ambaye kuna jambo halijakaa sawa.

"Na huo muda wote amepotea," akasema, "ng'ombe wake walikuwa wanakamuliwa na nani?"

Najua. Kwa hizi sehemu zetu mtu yeyote angeuliza hivyo, Cherono mwenyewe ana ng'ombe watatu. Nimejiambia hayo mara nyingi tangu siku ile. Lakini nilikaa.

"Aliachia jirani," nikasema.

Akatikisa kichwa. Hakuridhika.

Nje tukasikia wanawake wanapanda, wanacheka. Nilifungua mkoba nikatoa kikopo, nikampa Mama. Halafu nikasafisha koo, nikaenda kuwafungulia mlango.